Nani Amewanenepesha Wazee Wetu?

Ndugu msikilizaji, upo ugonjwa mmoja ambao hospitali zetu hazina dawa yake, na wanaougua zaidi ni watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Ugonjwa wenyewe ni unene. Mzee alifariki akiwa mwembamba, ukoo mzima unashuhudia kwamba alikuwa mwembamba, na suti aliyovaa siku ya ndoa yake mwaka 1986 bado imo sandukuni na hakuna kijana nyumbani anayeenea ndani yake. Lakini kanda ya harusi ile ile ikionyeshwa leo kwenye televisheni mpya ya sebuleni, mzee anatokea mpana kama kabati, uso wa bibi harusi umekuwa sinia, na Peugeot 504 iliyowabeba maharusi imekuwa ndefu utadhani ni basi la kwenda Mbeya. Watoto wanacheka. Mjane hacheki.

Wala si wazee wa familia peke yao. Kila inapofika tarehe 26 Aprili au 9 Desemba huonyeshwa picha za zamani za Muungano na za uhuru, na mara kadhaa nimemwona Mwalimu Nyerere wa mwaka 1961, mtu ambaye dunia nzima ilimjua kwa wembamba wake, akitokea na mabega ya bondia wa uzito wa juu. Mtoto wa shule anayetazama picha ile hana namna ya kujua kuwa sivyo alivyokuwa. Kwake yeye hiyo ndiyo historia, maana ameiona kwa macho yake mwenyewe. Jambo hilo ndilo lililonifanya nizichukue dakika zenu za leo, ingawa nakiri kwamba kueleza habari za picha kwa njia ya redio ni sawa na kumwonjesha mtu pilau kwa simu.

Chanzo cha maradhi haya ni hesabu ndogo tu. Picha zile zilipigwa katika umbo la 4 kwa 3, yaani kila vipimo vinne vya upana vina vipimo vitatu vya kimo. Televisheni za leo zina umbo la 16 kwa 9. Ukiichukua picha ya 4 kwa 3 ukaivuta pembeni mpaka ikajaza kioo cha 16 kwa 9, kila kilichomo ndani kinaongezeka upana kwa theluthi moja, na kimo kinabaki pale pale. Mtu wa kilo 60 anaonekana wa kilo 80. Ukiamua usiivute bali uikuze mpaka ijae, itabidi ukate juu na chini, na utakachokitupa ni robo nzima ya picha. Ukiamua kuiacha kama ilivyo, itakaa katikati na kuacha mapazia mawili meusi, kulia na kushoto, ambayo kwa pamoja yanakula robo ya kioo. Hii ya tatu ndiyo peke yake isiyosema uongo, na ndiyo watu wasiyoipenda, kwa sababu mtu akishanunua televisheni ya inchi 55 anataka inchi zote 55 zifanye kazi.

Sasa, hili umbo la 4 kwa 3 lilitoka wapi? Lilitoka West Orange, katika jimbo la New Jersey, Marekani, kwenye karakana ya Thomas Edison. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 msaidizi wake, William Kennedy Laurie Dickson, alikuwa akihangaika na mashine ya kuonyesha picha zinazotembea. Alichukua filamu ya kampuni ya George Eastman yenye upana wa milimita 70, akaipasua katikati ikawa ya milimita 35, akatoboa matundu kando kando ili meno ya mashine yapate mahali pa kushika, na kila picha akaipimia matundu manne. Nafasi iliyopatikana kati ya matundu hayo ikawa na upana wa inchi moja hivi na kimo cha robo tatu ya inchi. Basi. Fundi mmoja na mkasi wake, na dunia nzima ikamfuata. Ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, walipoonyesha sinema kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, filamu yao nayo ilikuwa ya milimita 35 na ya umbo karibu lile lile. Kodak ilipoleta filamu ndogo ya milimita 16 mwaka 1923, umbo halikubadilika. Ndiyo maana hata filamu zilizotengenezwa Vugiri, Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, katika yale majaribio ya Waingereza ya kuwaelimisha Waafrika kwa sinema, zina umbo lililotoka kwenye mkasi wa Dickson.

Sauti ilipoingia katika sinema, mwishoni mwa miaka ya 1920, mstari wa sauti ulipachikwa pembeni mwa filamu na kuipunguza picha upana, ikakaribia kuwa mraba. Mwaka 1932 chuo cha sinema cha Marekani, hicho hicho kinachotoa tuzo za Oscar, kikapanga kipimo cha 1.37 kwa 1, ambacho kwa macho ya kawaida huwezi kukitofautisha na 4 kwa 3. Na televisheni ilipozaliwa ikarithi umbo la mama yake sinema, ingawa BBC ilianza mwaka 1936 na umbo la 5 kwa 4 na haikuhamia 4 kwa 3 mpaka Aprili 1950. Kwa hiyo hata wakubwa wa kazi hii waliwahi kubadili umbo katikati ya safari.

Kilichofuata ni ugomvi wa mama na mtoto. Wamarekani walipoanza kukaa nyumbani jioni wakitazama televisheni, majumba ya sinema yakabaki na viti vitupu, na wenye kampuni za Hollywood wakatafuta kitu ambacho televisheni haikiwezi. Wakakipata katika upana. Mwezi Septemba 1952 ikaonyeshwa Cinerama mjini New York, mashine tatu zikimulika kioo kimoja kilichopinda. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1953, kampuni ya Fox ikaleta CinemaScope katika filamu ya The Robe, kwa kutumia lenzi iliyobuniwa na Mfaransa Henri Chrétien katika miaka ya 1920. Lenzi hiyo, ndugu msikilizaji, inastahili tuikalie kidogo. Kazi yake ilikuwa kuubana upana wa mandhari kwa nusu, ili mandhari pana iingie kwenye filamu ile ile ya milimita 35. Ukiichukua filamu yenyewe ukaitazama kwenye mwanga, watu waliomo ni wembamba kama fito za kujengea. Lakini mashine ya kuonyeshea ina lenzi nyingine inayowanyoosha tena, na kwenye kioo wanarudi kuwa watu. Likumbuke hilo: picha iliyohifadhiwa si lazima iwe na umbo la picha itakayoonwa. Katikati yake kuna maagizo, na maagizo yakipotea, picha haijaharibika ila imekosa mtu wa kuisoma sawasawa.

Tangu hapo ndipo ukataji ulipoanza. Kila kampuni ilitaka kusema kwamba nayo ina filamu ya kioo kipana, hata kama filamu ilikwisha kupigwa kwa umbo la zamani. Shane, iliyopigwa kwa umbo la zamani, ilipotolewa Aprili 1953 kampuni ya Paramount iliikata juu na chini. Gone with the Wind, filamu ya mwaka 1939, ilirudishwa na kampuni ya MGM mwaka 1967 ikiwa imekuzwa kuwa ya milimita 70, na ili iingie kwenye umbo hilo jipya ilibidi zaidi ya theluthi ya kimo chake ikatwe. Watu wakalipa tena kiingilio kutazama picha pungufu, wakaambiwa ni kubwa zaidi. Wapenzi wa picha za Kihindi wana mfano wa namna nyingine: Sholay ya mwaka 1975, ambayo sidhani kama kuna mji wa pwani yetu haukuijua, ilipigwa kwa filamu ya kawaida ya milimita 35 kisha ikakuzwa kuwa ya milimita 70. Lakini pale walioitengeneza walijua tangu mwanzo safari yao inaishia wapi.

Televisheni nayo ikalipiza kisasi. Tarehe 23 Septemba 1961 kituo cha NBC cha Marekani kilianza kipindi cha filamu za Jumamosi usiku kwa kuonyesha How to Marry a Millionaire, filamu ya CinemaScope ya mwaka 1953. Umbo lake lilikuwa karibu 2.55 kwa 1, na kioo cha televisheni kilikuwa 4 kwa 3, kwa hiyo karibu nusu ya upana wa picha ilibaki nje. Ikazaliwa kazi mpya, ya mtu anayekaa mbele ya mashine na kuamua ni nusu ipi utaiona: sasa huyu anayesema, sasa yule anayesikiliza. Kwa miaka zaidi ya thelathini mamilioni ya watu walitazama filamu zilizoongozwa mara ya pili na mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Mwongozaji Sydney Pollack alikasirika mpaka akaishtaki redio na televisheni ya taifa ya Denmark kwa kuionyesha hivyo filamu yake Three Days of the Condor. Mwaka 1997 mahakama ilikubali kwamba kukata vile ni kuikatakata kazi ya msanii, lakini kwa sababu nyingine za kisheria kesi yenyewe akashindwa.

Umbo la 16 kwa 9 lilitafutwa ili kuumaliza ugomvi huo. Katika miaka ya 1980, wakati televisheni ya picha safi zaidi ilipokuwa ikiandaliwa, mtaalamu mmoja wa Marekani aitwaye Kerns Powers alikata mistatili ya karatasi kwa maumbo yote yaliyokuwa yakitumika, kuanzia 4 kwa 3 mpaka 2.35 kwa 1, yote ikiwa na eneo sawa, akaipanga moja juu ya nyingine. Akaona kwamba mstatili unaoizunguka yote, na ule mdogo unaobaki katikati, vyote viwili vina umbo moja la 1.77 kwa 1, ambalo ndilo 16 kwa 9. Wajapani wa NHK, ambao ndio waliotangulia katika kazi hii, walianza na 5 kwa 3. Lakini mwaka 1990 umbo la 16 kwa 9 likaingia katika kanuni za kimataifa. Uzuri wake ni kwamba haliionei sana filamu yoyote. Ubaya wake ni kwamba lilikuwa la suluhu, na karibu kila picha ya zamani haienei ndani yake barabara.

Kwetu mambo yalikuja kwa mpangilio wake. Zanzibar ilianzisha televisheni, tena ya rangi, mwaka 1974. Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994, na kabla ya hapo wengi waliokuwa na seti ya televisheni walikuwa nayo kwa ajili ya deki, kutazama kanda za video. Ndiyo maana kwa familia nyingi za mijini kumbukumbu yote ya miaka ya 1980 na 1990 imo katika kanda za VHS: harusi, jando, ubarikio, maulidi, mahafali, mazishi. Zote ni 4 kwa 3. Kisha usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, Kenya ikafuata mwaka 2015, na mle mle katika miaka hiyo masanduku ya zamani ya televisheni yakatolewa sebuleni na vioo vipana vikaingia. Kanda zikabaki bila mlango wa kupitia. Hapo ndipo zilipozuka ofisi ndogo ndogo za kuhamishia kanda kwenye flashi, na hapo ndipo wazee wetu waliponenepeshwa.

Kabla hujamlaumu fundi, chukua kwanza rimoti. Televisheni za kioo kipana zina kitufe au orodha ya kuchagua umbo la picha, na nyingi zimewekwa zijaze kioo bila kumwuliza mtu. Ukichagua 4 kwa 3 na mzee akarudia wembamba wake, mgonjwa hakuwa kanda wala faili. Kama bado ni mnene, basi tatizo limo ndani ya faili, na hapa inafaa tuifungue.

Mwaka 1982 mashirika ya utangazaji ya dunia yalikubaliana namna ya kuigeuza picha ya televisheni kuwa tarakimu. Kwa mfumo wetu wa PAL, wenye mistari 625, picha huwa na nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Chukua kalamu ugawanye 720 kwa 576. Jibu ni 1.25. Si 4 kwa 3, wala si 16 kwa 9. Maana yake ni kwamba nukta hizo, ambazo wataalamu huziita pikseli, si za mraba, na kila picha ya namna hiyo lazima inyooshwe kidogo wakati wa kuonyeshwa, kama ilivyokuwa kwa lenzi ya Chrétien. Diski za DVD, zilizoingia sokoni Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, katika mfumo wetu wa PAL zilitumia nukta hizo hizo 720 kwa 576 kwa picha za umbo la zamani na kwa picha za umbo jipya pia. Kinachozitofautisha ni kibandiko kidogo ndani ya faili, maneno machache ya tarakimu yanayoiambia mashine: hii inyooshe iwe 4 kwa 3, ile inyooshe iwe 16 kwa 9. (Wataalamu wana ubishi mwingine kuhusu nukta nane za kila upande, kama zihesabiwe au zisihesabiwe. Wacheni wabishane, tofauti yake jicho la mjane haliioni.)

Basi jambo lenyewe ni hilo. Faili ya video ni kama bahasha. Ndani yake imo barua, ambayo ndiyo picha na sauti, na juu yake pameandikwa namna ya kuisoma. Kibandiko kikikosewa, au programu fulani ikikipuuza wakati wa kunakili, barua iko salama salimini. Kinachotakiwa ni kubadili maandishi ya juu ya bahasha. Ziko programu za bure zinazofanya kazi hiyo, kama FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, na MKVToolNix. Unaiagiza programu inakili picha na sauti kama zilivyo, bila kuzigusa, na iandike umbo jipya tu. Faili ya saa tatu inamalizika kwa muda mfupi, na hakuna nukta hata moja iliyopotea, kwa sababu hakuna iliyoguswa. Tahadhari ni moja: faili nyingi zina vibandiko viwili, kimoja kwenye bahasha na kingine kwenye barua yenyewe, na televisheni nyingine husoma hiki, nyingine kile. Vikipingana, picha itakuwa sawa kwenye kompyuta na mbaya sebuleni. Vyote viwili virekebishwe, na hata hicho cha ndani hurekebishika bila kuitengeneza picha upya.

Lakini mafundi wengi hawafanyi hivyo. Wanaitia faili kwenye programu, wanabonyeza pale palipoandikwa kujaza kioo, na kompyuta inaanza kuitengeneza picha nzima upya. Inachukua saa kadhaa, feni inavuma, na mteja anaamini kwamba kazi kubwa inafanyika. Ni kweli kazi inafanyika, ila ni kazi ya hasara. Faili za video hubanwa kwa kutupa vitu ambavyo jicho linadhaniwa halitavikosa. Ukiibana mara ya pili, unatupa tena kutoka katika kile kilichobaki. Ni fotokopi ya fotokopi. Kisha kuna jambo la mistari: katika kanda ya video kila picha imegawanyika nusu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa, na nusu hizo zilipigwa kwa nyakati mbili tofauti, nusu 50 kwa sekunde. Fundi akiikuza picha bila kuzitenganisha kwanza, mistari inachanganyika, na kila kinachotembea kinaota meno pembeni kama kitana. Wacheza ngoma wa harusi wanageuka vitana vinavyoruka. Hilo halirekebishiki tena vizuri.

Hapa nitatoa hukumu yangu, na asiyekubali aandike barua. Aliyevuta picha anasameheka, aliyeikata hasameheki. Picha iliyovutwa inaweza kubanwa irudi: hata kama fundi ameitengeneza upya katika umbo la 16 kwa 9, ukibadili kibandiko kuwa 4 kwa 3 nyuso zinarudi katika hali yake, ingawa usafi uliopotea katika kutengeneza upya haurudi. Lakini picha iliyokatwa imekwisha. Aliyekuwa amesimama mstari wa nyuma kichwa chake hakimo, na hakuna programu itakayokirudisha. Itaweza kukibuni, maana siku hizi kompyuta hubuni nyuso, na kichwa cha kubuniwa juu ya shingo ya baba yako ni jambo ambalo binafsi sitaki kuliona.

Na wakataji si wa mitaani tu. Kipindi mashuhuri cha historia cha Uingereza, The World at War, cha mwaka 1973 na 1974, chenye sehemu 26 juu ya Vita Kuu ya Pili, kilipotengenezwa upya kwa ajili ya diski mwaka 2010 kiliwekwa katika umbo la 16 kwa 9 kwa kukata juu na chini. Picha zile ni ushahidi. Zilipigwa na watu waliokuwa katika uwanja wa vita, na mwingine aliamua baada ya miaka 65 kwamba robo yake haina haja. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya Disney ilipofungua huduma yake ya intaneti ilionyesha katuni za The Simpsons zikiwa zimekatwa hivyo hivyo. Katika sehemu moja ya mwaka 1993 wahusika wanatembelea kiwanda cha bia, ambako kuna mapipa matatu yenye majina matatu ya bia tofauti. Kichekesho kiko juu, ambako bomba ni moja linaloyajaza yote matatu. Wakakata juu. Bomba likatoweka na kichekesho kikaenda nalo. Watazamaji walipiga kelele, na Mei 2020 kampuni ikawapa nafasi ya kuchagua umbo la asili. Mwaka 2021 Netflix ilipoleta Seinfeld, sehemu inayohusu shimo la barabarani ilionyeshwa bila shimo, kwa kuwa shimo lilikuwa chini. Wale waliweza kurudi kabatini, maana nakala kamili zilikuwapo. Familia ya Temeke au ya Likoni kabati lake ni kanda moja.

Na kanda hiyo haina umri mrefu. Ukungu wa pwani unaijua njia ya kuingia ndani ya gamba lake, na deki za kuichezea hazitengenezwi tena. Kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha mwezi Julai 2016. Kwa hiyo mara nyingi kanda inachezwa kwa ajili ya kuhamishwa mara moja tu, na chochote kitakachoandikwa siku hiyo ndicho kitakachobaki kwa wajukuu.

Ukienda kwa fundi, basi, mwambie hivi: bwana, nihamishie picha nzima, 4 kwa 3, nukta 720 kwa 576, usijaze kioo, usikate, usiikuze, na mapazia meusi usiyachome ndani ya picha, televisheni itayaweka yenyewe. Akikwambia wateja wote wanataka ijae, mwambie akutengenezee na hiyo ya kujaa kama anapenda, lakini ile nzima aiweke kwenye flashi kwanza. Kanda yenyewe usimwachie. Irudi nayo nyumbani.

Kabla hujamlipa, mwombe akuonyeshe kipande. Usitazame nyuso, kwa sababu nyuso tunazizoea upesi, na wakati mwingine tunapenda kumwona marehemu akiwa na afya. Tafuta kitu cha mviringo: saa ya ukutani, gurudumu la gari la maharusi, sinia la pilau, ngoma iliyosimamishwa, keki kabla haijakatwa. Weka rula kwenye kioo, upime upana wake na kimo chake. Vikilingana, lipa.